Waajiri, acheni kutangaza viti ambavyo tayari vina wenyewe

Ndugu zangu, habari za kwenu. Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu naamini wengi wenu yamewakuta haya na mkanyamaza.

Mwezi uliopita niliitwa Dar es Salaam kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi katika shirika moja ambalo sitalitaja. Tangazo lilisema kwamba nafasi ni moja na iko wazi, na kwamba mwombaji alete nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, wasifu wenye majina ya wadhamini watatu, picha mbili za pasipoti na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Mimi naishi Iringa. Wakili alinigongea nakala nne kwa shilingi 20,000, picha na fotokopi zikala 6,000, nauli ya basi kwenda na kurudi ikawa 64,000, na nikatumia 5,000 nyingine kwa usafiri wa mjini, kwa kuwa nilifikia kwa shangazi yangu Kimara na sikulipia malazi. Jumla ni shilingi 95,000, na fedha hizo zilitokana na gunia la mwisho la mahindi ambalo mama alikuwa ameliweka kwa ajili ya chakula.

Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye mabenchi ya korido. Mimi nilikuwa wa tano kwenye orodha, na wa nne alikuwa kijana mpole mwenye shati jeupe, aliyekaa pembeni yangu na bahasha ya kaki kama yangu. Kabla usaili haujaanza, dereva wa ofisi alikuja na karatasi mkononi, akamwambia, "Mhasibu, nisainie hii ya mafuta niwahi." Kijana aliinuka, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango wa chumba cha pili, akamhesabia dereva fedha, akajaza vocha, akafunga mlango, kisha akarudi kukaa nasi kwenye benchi kusubiri kusailiwa kwa kazi ambayo alikuwa ametoka kuifanya mbele ya macho yetu.

Hakuna aliyesema neno. Dada mmoja aliyetoka Tanga kwa basi la usiku aliinama, akaanza kurudisha vyeti vyake ndani ya mkoba, kimoja kimoja.

Nilimuuliza yule kijana kwa sauti ya chini, naye hakunificha. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miezi kumi kwa kujitolea, akipewa nauli tu, na sasa bajeti ya mshahara ilikuwa imepatikana, lakini mfadhili wa mradi alitaka nafasi itangazwe na nyaraka za ushindani ziwepo kwenye faili kabla mkataba haujasainiwa. "Nisamehe kaka," aliniambia, "hata mimi nimeambiwa niombe kama watu wengine." Sina kinyongo naye hata kidogo. Amefanyishwa kazi ya kitaalamu karibu mwaka mzima bila mshahara, kisha akaketishwa kati ya watu waliokuja kutafuta riziki ili sote kwa pamoja tukamilishe faili la watu wengine. Hasira yangu iko kwa walioandika neno "wazi" kwenye tangazo huku wakijua kwamba si kweli.

Usaili wangu ulichukua dakika sita. Niliambiwa nijieleze, nikaulizwa tofauti ya vocha ya malipo na stakabadhi, kisha nikaambiwa kwamba nitapigiwa simu. Sijapigiwa, na tangazo lenyewe lilikuwa limeshajikinga mapema kwa ile sentensi tunayoijua sote, kwamba watakaokidhi vigezo pekee ndio watakaojulishwa.

Najua watetezi watasema kwamba taratibu zinadai ushindani. Ni kweli zinadai, lakini ushindani unaodaiwa ni wa kweli, na si wa kukusanya majina kumi ya kulisindikiza jina moja. Kama kijana amefanya kazi miezi kumi na mmeridhika naye, mwambieni mfadhili ukweli huo, mwombeni kibali cha kumwajiri moja kwa moja, na mumlipe haki yake. Kama mfadhili atakataa, basi shindanisheni watu kwelikweli, na huyo kijana ajue kwamba anaweza kushindwa. Mlichokifanya ni kutuhamishia sisi gharama ya utaratibu wenu, na sisi ndio tusiokuwa na kitu.

Mchezo huu una sura nyingine pia. Mtu akitaka kibali cha kazi cha mgeni, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka ionekane kwamba juhudi zote zimefanyika kumpata mtaalamu Mtanzania, na hapo ndipo linapotolewa tangazo lenye sifa zilizokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, hadi lugha anayozungumza kwao. Wapo pia wanaotangaza kazi za ushauri kwa lengo la kukusanya wasifu za wataalamu wa kuambatisha kwenye zabuni. Ukiona unatakiwa kusaini kila ukurasa wa wasifu wako kabla hata hujasailiwa, uliza mradi huo umeshapatikana au bado unaombwa. Mwajiri mwaminifu huandika tangu mwanzo kwamba ajira inategemea kupatikana kwa mradi, na mtu akiamua kuomba, anaomba akijua.

Naomba nisieleweke vibaya: ushindani hatuukatai. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 130,000, nami nilikuwa mmoja wao. Nilikosa, na sikulalamika, kwa sababu nilikuwa nagombea kiti ambacho kipo. Wenye uchumi wa kukosa wakajaribu tena ni wachache, na ndiyo maana kila tangazo la uongo linamla mtu nauli ya tangazo la kweli litakalofuata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkinga mwombaji kazi dhidi ya ubaguzi, na hilo ni jema, lakini ubaguzi ni jambo moja na kutangaza kiti chenye mtu ni jambo lingine. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, tangu Januari 1, 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi analazimika kueleza ndani ya tangazo la kazi kama nafasi hiyo ipo kweli au la, na aliyesailiwa anapaswa kujulishwa ndani ya siku 45 kama uamuzi wa kuajiri umefanyika. Sioni kinachoizuia wizara yetu inayosimamia kazi kuweka masharti hayo mawili. Hayahitaji bajeti, na mwajiri mwenye nafasi ya kweli hayatamgharimu chochote.

Wakati tukilidai hilo, silaha moja tunayo tayari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na lililo bayana, na anayeona amekiukwa anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba yangu ya NIDA, picha zangu, vyeti vyangu na simu za wadhamini wangu watatu vilichukuliwa kwa lengo la kazi ambayo tayari ilikuwa na mtu. Jumatatu nimeliandikia shirika lile barua kwa njia ya EMS, nikitaka bahasha yangu irudishwe yote kama nilivyoikabidhi, na nakala yoyote iliyobaki kwenye kompyuta zao ifutwe na nithibitishiwe kwa maandishi. Nimewapa siku 14. Zikipita bila jibu, barua hiyo pamoja na stakabadhi ya posta vinakwenda Tume. Yule dada wa Tanga, ambaye tulibadilishana namba siku ile pale getini, ameandika barua yake pia.