Takwimu za magonjwa Dar: zibandikwe kila wiki kata kwa kata, au zibaki ofisini?

Mleta mada
Wakuu, kila wiki zahanati na hospitali za jiji hutuma wilayani hesabu ya wagonjwa, Jumatatu mpaka Jumapili: malaria, kuhara damu, walioumwa na mbwa. Kipindupindu hakingoji wiki iishe, hicho ni ndani ya saa 24. Kwa hiyo namba zipo. Sisi tunaochota maji ya visima huku Tandale ndio hatuzioni. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanzia Kinondoni, mimi nilikisikia kwa konda wa daladala.

Hoja yangu: kila Jumanne namba za kila kata zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. London walikuwa na karatasi ya vifo iliyouzwa kila Alhamisi, parokia kwa parokia, tangu 1603. Wiki moja tu ya Septemba 1665 ilionyesha 7,165 waliokufa kwa tauni. Bakteria hawakumjua, ila walijua parokia ya kuikwepa.

Mama lishe, Buguruni
Hilo "kuikwepa" ndilo linalonitisha. Mwaka huohuo wa 2015 unaousema, kata yetu ilitajwa asubuhi, mchana nimekaa na sufuria la wali wa kilo kumi, wateja wanapita ng'ambo ya barabara kama hawanijui. Niligawia majirani. Marejesho ya kikoba hayakungoja. Watangaze wilaya, inatosha.

Mchangiaji
Wilaya? Ilala ina Posta, ina Buguruni, ina Chanika. Nani atachemsha maji kwa kusikia "Ilala"?

Mchangiaji mwingine
Mleta mada umeruka kipande. London hiyohiyo nyumba yenye tauni ilifungwa na watu wakiwa ndani, basi wale bibi waliotumwa kukagua maiti wakawa wanahongwa waandike ugonjwa mwingine. Ukimtia mtu hasara kwa namba yake, namba itabadilika.

Nesi wa zahanati
Mngeona kwanza hizo namba zinavyopatikana. Nafungua rejista, napiga vistari vinne, cha tano nakata, mpaka kurasa ziishe. Ugonjwa usio na mgonjwa naandika sifuri. Kuacha wazi hairuhusiwi, maana nafasi tupu haisemi kama hakuna mgonjwa au nesi amesahau.

Sasa chukua dengi ya 2019. Mtu anakuja na homa kali, viungo vinauma mpaka hawezi kukaa, kipimo cha malaria kinasema hana. Kipimo cha dengi sina. Naandika nini? Mwaka ule walithibitishwa zaidi ya 6,000 nchini, wengi wa Dar, na hao ni waliobahatika kupimwa. Anayemaliza homa yake duka la dawa haingii rejista yoyote.

Ndiyo maana mkibandika kata kwa kata, kata yenye zahanati inayohesabu vizuri itaonekana chafu kuliko jirani yake aliyelala. Mimi sikatai zibandikwe. Ila pembeni ya kila namba waandike vituo vingapi vilitakiwa kuleta taarifa na vingapi vimeleta. Bila hiyo safu, mtaniadhibu kwa kufanya kazi.

Mleta mada
Dada nesi, hiyo safu nimeipokea. Lakini msiniambie kimya ni salama. Mei 2020 hesabu ya korona iliganda kwenye 509, ikakaa hivyo mwaka mzima na zaidi. Uvumi haukuganda, kila mtu alikuwa na namba yake ya kutoka WhatsApp. Mama, wewe namba ya kweli itakuumiza wiki mbili. Ya uvumi haina mwisho.

Mama lishe, Buguruni
Wiki mbili unazihesabu wewe mwenye mshahara. Haya, tuseme nimekubali, na safu ya nesi iwepo. Kata ikishaleta sifuri, karatasi inatoka ukutani wiki ya ngapi, na nani anakuja kuitoa? Kubandika nawaona kila siku. Kubandua bado sijamwona mtu.