Tumepigwa Kigoma: "Mtoto wenu ni daktari tayari, kilichobaki ni ndege"

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira, natembea nazo tangu Jumatatu, na nyumbani hakuna wa kumtolea maana wote tuna hali moja.

Mimi ni mtu wa Ujiji, riziki yangu iko mwaloni Kibirizi, dagaa na migebuka. Dada yangu mkubwa anauza mawese sokoni Mwanga. Binti yake, mpwa wangu, alimaliza kidato cha sita 2023, mchepuo wa PCB. Matokeo yakatoka: Baiolojia D, Kemia D, Fizikia E. Wanaojua mambo haya wameshaona tatizo liko wapi. Sisi hatukuona kitu. Tuliambiwa amefaulu masomo yote matatu, tukachinja kuku.

Akaomba udaktari Muhimbili, akaomba Bugando, mfumo ukamkataa kote. Mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ulikuwa unataka alama 6 kwa masomo matatu, na kila somo lisipungue D. D ni alama 2, E ni alama 1. Hesabu wenyewe: 2, 2, 1. Ana 5. Kakosa alama moja. Ishikeni hiyo alama moja, maana ndiyo iliyokula shamba la marehemu mzee.

Mwalimu wake wa Kemia, Mungu ampe maisha marefu, alituita shuleni akatuambia njia mbili. Ya kwanza, binti arisiti Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, apate hiyo D, arudi kuomba mwaka unaofuata. Ya pili, asome diploma ya utabibu miaka 3, akitoka na GPA ya 3.0 na vyeti vyake vya kidato cha nne viko sawa, anaomba udaktari kama wengine, tena akiwa ameshamshika mgonjwa kwa mikono yake. Dada akasikia neno "diploma" akanuna. Alikuwa ameshawatangazia akina mama wa sokoni kuwa mwanawe anakwenda kuwa daktari. Mimi nami nikanyamaza, kwa hiyo msinione nalia hapa mkadhani nilikuwa na akili kuliko yeye.

Ndipo tukaangukia kwa huyu ejenti, wakala wa kupeleka wanafunzi vyuo vya nje. Chumba kimoja mjini, feni, bendera ndogo ndogo za nchi mezani, na bango la wasichana waliovaa makoti meupe na kofia za mahafali kwa wakati mmoja. Sijui ni wodi gani hiyo watu wanaizungukia na kofia ya mahafali, ila siku ile niliona limependeza. Akachukua karatasi ya matokeo, akaisoma kama anasoma bei ya soda, akamrudishia dada. "Mama, huko nje hawaangalii Fizikia, wanaangalia nia. Mtoto wenu ni daktari tayari, kilichobaki ni ndege."

Nikamuuliza, kaka, hicho chuo kinatambulika? Akacheka, akafungua simu, akanionyesha jina la chuo kwenye tovuti ya Kiingereza. "Kiko WHO hiki." Nikatulia. WHO, Shirika la Afya Duniani, si ndio wa chanjo na kipindupindu? Nani atabishana nao?

Sasa sikilizeni nilichokuja kukijua nikiwa nimeshalipa. WHO haina kazi ya kuthibitisha vyuo vya udaktari, haijapewa kazi hiyo popote duniani. Kile alichonionyesha ni orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia, inayotunzwa tangu 2014 na taasisi mbili zinazoitwa WFME na FAIMER. Ni kama kitabu cha simu: chuo kipo, anwani yake hii. Na wenyewe wenye orodha wanasema kuwemo humo si uthibitisho wa ubora wala si kutambuliwa. Ukimsikia mtu anauza chuo kwa kusema "kiko WHO", jua ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana.

Tulilipa. Milioni 3 za "huduma", milioni 9 ada na hosteli, ukaja viza, tiketi, vipimo vya afya, na kitu kinaitwa "kufungua faili" ambacho mpaka leo sijaliona faili lenyewe. Jumla milioni 16 na laki 4. Dada aliuza ekari mbili za michikichi kule Simbo, michikichi inayozaa, si miche. Mimi niliuza mashine ya boti ya arobaini nikabaki nakodi mashine ya mtu. Risiti tulipewa tatu, moja imeandikwa kwa mkono nyuma ya bahasha.

Binti akaondoka Machi 2024, kwenda China. Mtaa mzima ulimsindikiza.

Wiki ya pili ananitumia sauti: "Mjomba, darasani kwetu hakuna udaktari. Tunajifunza kuhesabu na kusalimia." Nikampigia ejenti. Akasema ni mwaka wa lugha, kawaida, mwakani anaingia udaktari kwa Kiingereza. Sawa. Kumbe ile fomu ya viza, inaitwa JW202, ambayo mimi kwa mikono yangu niliitoa kopi mbili pale mjini, ilikuwa imeandikwa wazi, kwa Kichina na kwa Kiingereza, kuwa huyu ni mwanafunzi wa lugha. Ilikaa mezani kwetu wiki nzima, tukawekea sahani juu yake. Hakuna aliyeisoma. Hiyo inaniuma kuliko milioni 3.

Halafu ikaja kufungwa kwa ziwa. Watu wa Kigoma mnakumbuka: 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, Tanganyika nzima, sisi na Burundi na Kongo na Zambia, marufuku kuvua, samaki wazaliane. Sipingi, ziwa lilikuwa limechoka na sote tuliliona. Ila miezi mitatu hiyo mwalo ulikuwa kimya kama msiba, karabai zimetundikwa majumbani, mtu mzima unaamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea halafu hujui uende wapi. Na katikati ya miezi hiyo hiyo ejenti ananipigia kudai ada ya muhula mwingine wa lugha, kwa dola, na dola ilikuwa haishikiki. Dada akakopa kikoba. Mpaka leo anarejesha. Akina mama wenzake hawamsemi mbele yake, ila nasikia.

Nimerudi, magharibi ilikuwa imeingia.

Niendelee. Binti si mjinga jamani. Alikaza, akafanya ule mtihani wa Kichina, HSK daraja la nne, maneno 1,200, akafaulu. Akaenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuuliza sasa udaktari wa Kiingereza unaanza lini. Wakamwambia hapa hakuna. Chuo chao wageni wanasoma udaktari kwa Kichina, darasa moja na Wachina. Tukaanza kuuliza uliza. Kumbe Wizara ya Elimu ya China yenyewe iliweka utaratibu tangu 2007 wa vyuo vipi vinaruhusiwa kufundisha wageni udaktari kwa Kiingereza, na orodha iliyozunguka miaka mingi ilikuwa na vyuo 45 kwa nchi nzima, nchi yenye vyuo vikuu vingi kuliko vijiji vya Kasulu. Cha kwetu hakimo. Na hata kwenye vile ambavyo vimo, ukifika hospitali mgonjwa ni bibi wa Kichina, anakueleza maumivu yake kwa Kichina, hakusubiri ufungue kamusi. Kwa hiyo lugha ni lazima kote, ila kuna tofauti kati ya kuambiwa mapema na kuambiwa ukiwa umeshafika.

Hapo bado nilikuwa najipa moyo. Nikasema basi asome kwa Kichina, si ameshafaulu mtihani? Miaka 6, 2031 anatoka, anarudi daktari anayejua Kichina, wachimbaji na wajenzi wa Kichina wamejaa, atapata kazi. Nilikuwa nimeshaipamba.

Kilichonivunja ni swali la daktari mmoja kijana, mteja wangu wa migebuka. Nilikuwa namsimulia kwa kujisifu kidogo, si mnajua tulivyo. Akaniuliza, "Mzee wangu, kabla hajaondoka mlichukua cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi?" Nikamwambia ejenti alisema ni cha watu wa ufadhili wa serikali. Akaweka samaki chini. Akanieleza taratibu, kama mtu anayekupa habari ya ugonjwa.

Kwamba TCU wanapotoa kile cheti wanaangalia vitu viwili: chuo na kozi kama vinatambulika huko viliko, na mwanafunzi mwenyewe kama ana sifa ambazo zingemwingiza kozi hiyo hiyo hapa Tanzania. Si sifa za China. Za hapa. Na akirudi na shahada lazima ipelekwe TCU itambuliwe, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika limwone, afanye mtihani wao kabla ya utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, akifaulu ndipo aende utarajali mwaka mzima, ndipo asajiliwe. Mlango wa kwanza ukifungwa, hiyo mingine huifikii hata kuigusa.

Nikapeleka TCU maombi ya cheti hicho. Jumatatu jibu likaja. Hana sifa: Fizikia.

Alama moja ile ile. Imemfuata mpaka China na imerudi naye.

Nikampigia ejenti nikiwa natetemeka. Mnajua alichonijibu? "Kaka, hizo ni siasa za Dar. Mpaka 2031 sheria zitakuwa zimebadilika." Yaani mpwa wangu afungue miili ya watu miaka sita akiomba sheria ibadilike! Nikamuuliza, wewe una kibali cha TCU cha kupeleka wanafunzi nje? Maana kumbe mawakala wanatakiwa wasajiliwe, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya TCU, dakika mbili unaiona. Akakata simu. Jina lake nimelitafuta humo mpaka macho yameuma. Kishoka.

Sasa najua wataingia wale wa "mlikuwa hamna intaneti?" Tulikuwa nayo. Tulitafuta "vyuo vya udaktari bei nafuu China" na tukapata, kurasa na kurasa, zote zimeandikwa na maejenti. Swali lilikuwa bovu tangu mwanzo. Tuliuliza ada, tukauliza baridi, tukauliza kama kuna msikiti karibu, tukauliza kama kuna vita, maana tulishasikia ya wale watoto waliokwama Sumy kule Ukraine 2022 na wale waliotolewa Khartoum 2023. Maswali yote ya safari. La kurudi hatukuuliza hata moja.

Na wale wa "China vyuo vyao vibovu", hapana, sijasema hivyo. Kuna Watanzania wamesoma huko na wanatutibu vizuri. Walikwenda na alama zao, chuo kinachojulikana, cheti cha TCU mkononi. Hata ufadhili wa serikali ya China na ule wa Urusi unatangazwa, unaomba bila kumlipa kishoka shilingi. Hasira yangu haina shida na nchi ya mtu.

Ninachotaka kwenu ni vitu viwili. Kwanza, mwenye uzoefu wa kudai hela kwa wakala asiye na kibali aniambie naanzia polisi au mahakama ya mwanzo, na kama risiti ya bahasha ina uzito. Ipo, ina sahihi yake. Pili, kama kuna mtu hapa aliyekatisha masomo nje akarudi kurisiti, aseme ukweli ilikuwaje, maana dirisha la kujisajili mtihani wa mwakani halitatusubiri.

Mtoto mwenyewe bado hajajua jibu la TCU. Mama yake kaniomba nisimwambie kwa simu, na yeye sokoni bado anaitwa "mama daktari", anaitika. Usiku wa kuamkia leo binti katuma ujumbe: "Mjomba, mwisho wa kulipa ada ni Ijumaa. Wameniwekea na koti jeupe, saizi yangu. Mnatuma lini?"

Sijamjibu.