Nimetozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) Mwanjelwa, Mbeya, na duka ambalo halijasajiliwa VAT!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Jana nimeshuka kutoka Isyonje na hela ya viazi, nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa kuchukua bati 40 za geji 28. Tumepatana 30,000 kila moja, yaani 1,200,000. Nimeshatoa hela, kijana akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia: 1,416,000. Nauliza, hii 216,000 imetoka wapi? "Mama, hiyo asilimia 18 ni kodi ya serikali, siyo yetu." Fundi ananisubiri Uyole na mvua hizi mnazijua, nikalipa.

Usiku ndiyo nikaisoma risiti kwa tochi ya simu. TIN (namba ya mlipakodi) ipo. Kwenye VRN (namba ya usajili wa VAT), imeandikwa hawajasajiliwa. Jumla ya kodi: 0.00. Jumla niliyolipa: 1,416,000.

Sasa hiyo 216,000 imekwenda serikali gani?

VAT hatozi kila mwenye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti. Mashine anatakiwa kuwa nayo hata asiyesajiliwa VAT, na hapo ndipo wengi tunapopigwa, tunadhani risiti ikitoka basi na kodi imekwenda. Anayetoza ni aliyesajiliwa tu, na tangu Julai 2023 ulazima wa kujisajili unaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Huyo akishakutoza asilimia 18, anapunguza humo VAT aliyolipa yeye alikonunua mzigo, tofauti anaipeleka TRA (mamlaka ya mapato) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiyesajiliwa hana cha kupeleka. VAT aliyotozwa kwa muuzaji wa jumla ni gharama yake, na alishaiweka ndani ya ile 30,000! Kwa hiyo bati zile zile nimezilipia kodi mara mbili, na ya pili imeishia mfukoni mwake.

Viazi vyangu ni zao ghafi, havina VAT. Hiyo 216,000 nimeilimia kwa jembe, nikabeba lumbesa mpaka barabarani, halafu mtu anaichukua kwa kutaja serikali!

Kesho asubuhi narudi pale na risiti yangu, nimeshaitoa kopi kwa sababu wino wake unafutika. Wakikataa, naenda nayo TRA. Aliyewahi kudai akarudishiwa hela yake, naomba aniambie alianzia dirisha gani.