Nikisifu daraja naitwa chawa, nikitetea machinga naitwa mpinzani. Watu wa siasa ya kati hapa Mwanza tumewakosea nini?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu niliandika mambo mawili. La kwanza, Daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria ni kazi nzuri, na aliyewahi kukaa na mgonjwa kwenye foleni ya kivuko hahitaji kuelezwa maana ya zile kilomita 3. La pili, machinga wa katikati ya jiji waliondolewa 2021 kwa pupa, wengine wakapelekwa mahali ambapo mteja hafiki, na waliotoa amri walipaswa kukaa nao chini kwanza. Kwa la kwanza nikaitwa chawa anayetafuta uteuzi. Kwa la pili nikaitwa mpinzani aliyetumwa. Ujumbe ule ule mmoja! Kisha mzee mmoja ninayemheshimu akanishushia Ufunuo, eti mimi si baridi wala moto, nitatapikwa.

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo hapana. Vuguvugu ni yule asiyejali. Mimi najali kiasi cha kukosana na majirani wa pande zote mbili, na wote bado naonana nao bombani asubuhi.

Tuanze na hizo pande zenyewe. Kushoto na kulia vilianzia Ufaransa 1789: wabunge waliotaka mfalme abaki na uwezo wa kuzuia sheria walikaa kulia kwa mwenyekiti, waliopinga wakakaa kushoto. Kwetu ugomvi umekuwa serikali imiliki kiasi gani na soko liachiwe kiasi gani. Azimio la Arusha la 1967 likasema njia kuu za uchumi ziwe za umma. Baadaye viwanda vikabinafsishwa, kiwanda chetu cha nguo cha Mwatex kikiwemo, huku katiba ya CCM ikiendelea kutaja Ujamaa na Kujitegemea. CHADEMA, ambao huku vijiweni tunawasifu kama watetezi wa wanyonge, wamo kwenye umoja wa kimataifa wa vyama vya mrengo wa kulia. Nyie mnaonitukana, mmewahi kufungua hata katiba za vyama vyenu? Mnachogombania ni rangi ya fulana. Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alipohama CCM kwenda CHADEMA 2015, waliokuwa wakimsema vibaya kwa miaka walianza kumwimba, na waliokuwa wakimwimba wakaanza kumsema. 2019 akarudi alikotoka, nyimbo zikageuka tena. Halafu asiye na msimamo ni mimi?

Mnataka kuona siasa ya kati iliyozaa kitu, ulizeni wazee wa Usukumani habari za pamba. Mkulima alikuwa anapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Paul Bomani na wenzake hawakusema biashara ifutwe, na hawakumwambia mkulima apambane na hali yake. Walijenga vyama vya kupima na kuuza pamba yao wenyewe, 1955 vikaungana kuwa shirikisho la ushirika la Victoria, wakafika hadi kumiliki vinu vya kuchambulia. Shamba la mtu lilibaki la mtu, bei ikatafutwa kwa pamoja. Watu wasio na mtaji wowote walifanya hivyo, chini ya mkoloni! Kisha 1976 serikali yetu wenyewe ikavifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri, mamlaka za mazao zikachukua kazi yao. Sheria ya 1982 ikavirudisha, vikiwa vimeshavunjika miguu. Kabla havijasimama vizuri, miaka ya 1990 soko la pamba likafunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia kwa fedha taslimu. Mara ya kwanza vilipigwa na walioamini serikali inaweza kila kitu, mara ya pili na walioamini soko litajinyoosha lenyewe. Aliyelipa mara zote mbili ni mkulima wa Kwimba na Magu. Mimi nikisema wote wawili walikosea, naambiwa naogopa kuchagua upande. Upande nimeshachagua, ni wa huyo mkulima.

Na acheni kupotosha kwamba mtu wa kati anagawa kila kitu nusu kwa nusu. Chukueni uvuvi. Operesheni ya 2018 dhidi ya uvuvi haramu ilichoma nyavu na kutoza watu faini nzito kandokando ya Ziwa Victoria upande wetu. Kundi moja likasema safi, chomeni zote. Lingine likasema waacheni wavuvi wale. Sijawahi kusema tuchome nusu! Nasema nyavu haramu za kokoro na timba zitoke ziwani kabisa, na sangara wa chini ya sentimita 50 aachwe akue, kwa sababu akimalizika, soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba litabaki na nini? Hapo mimi ni mkali kuliko wengi wenu. Lakini nasema pia kwamba anayeingiza na kuuza nyavu haramu dukani aguswe kabla ya kijana aliyekopa kununua, na mvuvi apewe muda na mkopo wa kubadilisha zana. Huo ni msimamo kamili. Unaweza kuupinga, ila upinge kwa hoja.

Wa mwisho ni nyie mnaojiita watu wa kati huku mnasubiri kujua nani atashinda ndipo mfungue mdomo. Nyie ndio mmetuharibia jina kuliko hata hao wa fulana. Wakati akina mama wanabebewa meza zao za matunda mkasema hamna upande. Mshindi alipotangazwa mkawa wa kwanza kwenye picha. Msitumie jina letu. Mtu wa kati angesimama palepale barabarani aulize amri ya kubeba hizo meza imesainiwa na nani, na hao akina mama wanahamia wapi kesho.