Fundi "amenirekebishia" tyuni ya gitaa langu, na elfu arobaini kachukua

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinagongana kwenye kibodi, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Jumatatu nilipeleka gitaa kwa fundi mmoja hapa Dar. Duka silitaji, sina hela ya wakili. Mgongoni mwa gitaa nilibandika karatasi kwa selotepu, maandishi makubwa ya bluu: C G C G C E, ndiyo tyuni yangu, yaani noti ambayo kila uzi unatoa ukiwa wazi, kuanzia uzi mnene. Chini yake: NYUZI ZIBAKI HIZI HIZI. Na kwa mdomo nikamweleza. Nilitaka apanue mfereji wa uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye nati, kile kipande cheupe cha juu nyuzi zinapopita kuelekea kwenye funguo, maana uzi wangu ni unene wa 56 (tunapima kwa sehemu za elfu za inchi) na mfereji ulichongwa kwa ajili ya 42. Halafu akaze springi za daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini, apange oktava ili freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo) iseme kweli, itoe noti ile ile ya uzi wazi, oktava moja juu, basi.

Jana nikafuata.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Chombo chako hiki hapa, kimepona."

Kimepona! Nikapiga nyuzi wazi: E, A, D, G, B, E, ile tyuni ya kawaida. Nyuzi mpya kabisa, seti ya unene wa 9 hadi 42, zinang'aa kama bangili. Zangu nikaziona kwenye ndoo ya taka, zimekatwa kwa koleo na kujikunja kama tambi. Uzi mnene ukishakatwa umekwisha, haurudi. Nilizisubiri wiki tatu, binamu akaninunulia Nairobi mmoja mmoja na kunitumia kwa basi. Na ile karatasi? Kawekea kikombe cha chai.

Namuuliza kulikoni, ananijibu kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionimaliza: "Tyuni ilikuwa imeharibika, nimekurekebishia. Na zile nene ni nyuzi za besi, zingekuvunjia shingo."

Haya, tuhesabu. Kwenye gitaa lenye inchi 25.5 toka nati hadi daraja, uzi wa 46 uliokazwa kwenye E unavuta karibu kilo nane. Uzi wangu wa 56 kwenye C unavuta kama kilo saba na nusu. Saba na nusu! Unavuta PUNGUFU ya ule ambao yeye mwenyewe anamfungia kila mteja anayeomba seti ya 10, ile ya 10 hadi 46. Shingo ivunjike kwa lipi? Sasa chukua hiyo 42 aliyonifungia uishushe hadi C: zinabaki kilo nne na ushee. Kushuka toni mbili kunakula zaidi ya theluthi ya mvuto. Uzi unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, ukiupiga kwa nguvu sauti inaruka juu kwanza ndipo irudi mahali pake, na kila freti unasikia unagonga chuma. Unene ule niliuchagua kwa sababu, mzee wangu. Sikuokota.

Najua mtakaosema "si ushushe zote toni mbili tu, yaishe". Hata fundi alinipa ushauri huo nilipoanza kupandisha sauti. Jamani, hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukishusha zote unapata gitaa lile lile, zito zaidi, vidole vinakaa palepale. Kyuss, bendi ya roki, walifanya hivyo kule jangwani California na ilikuwa tamu, sina ugomvi nao. Hii yangu inabadilisha gitaa lenyewe. Wa sita unashuka toni mbili, wa tano na wa nne toni moja moja, wa tatu na wa kwanza haziguswi, na wa pili UNAPANDA nusu toni. Ndiyo, unapanda, na kwa kupanda huko mvuto wake unaongezeka kama asilimia 12. Ndiyo maana seti ya dukani haifai, kila uzi unataka unene wake. Devin Townsend wa Kanada kapiga muziki mzito miaka na miaka kwa tyuni hii, kwa hiyo sikuiota ndotoni baada ya kula kiporo.

Ni nini hasa kinachonivuta? Weka kidole kimoja, kimelala, juu ya nyuzi tatu nene. Unapata C, G, C: noti mzizi, noti ya tano toka kwenye mzizi, na mzizi tena oktava moja juu. Sogeza kidole hicho hicho kokote na kodi nzito inakufuata (kodi za gitaa, si za TRA). Vidole vitatu vinabaki huru. Sasa achia nyuzi za juu ziimbe wazi wakati huku chini unasogea. Zote zikiwa wazi una C tatu kwenye oktava tatu tofauti, Hz 65, 131 na 262, na G mbili katikati. Ukipitisha kwenye distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, zinashikana, unasikia kama kinanda cha kanisani kimeungua moto. Ile E ya juu ndiyo yenye kisirani: distosheni ikiwa kali inatia matope, na ukitaka huzuni haikupi, kwa sababu huzuni inataka E-flati, nusu toni chini yake, na huwezi kushuka chini ya uzi wazi. Naikwepa, au natafuta E-flati freti ya tatu ya uzi wa nne. Miezi mitano nimekaa nayo chumbani nikijifunza haya. Mzee kayafuta mchana mmoja.

Na kinachoniuma zaidi, huyu si mtu asiyejua muziki. Kapiga ridhimu bendi za dansi, ukutani kajaza picha za rumba. Nikamuuliza, "Mzee, Wakongo wanapoondoa uzi wa nne wakaweka mwembamba oktava moja juu, wanaita mi-composé, nao gitaa limeharibika?" Akacheka. "Ile ni fani, mwanangu. Hii yako ni kelele." Kumbe! Wakigeuza nyuzi kwa ajili ya sebene ni fani, nikigeuza mimi ni ugonjwa. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, akawa analegeza nyuzi ili mkono usimuume, kufikia 1971 kashuka toni moja na nusu. Angempelekea fundi wangu, angerudishiwa gitaa kwenye E na pole juu yake.

Basi ningesema nyuzi zimepotea, yaishe. Nati sasa. Mfereji wa uzi wa sita, ule niliomwomba, haukuguswa. Ila ule wa uzi wa kwanza kauchonga, sijui kwa nini, na kwa alama zilizobaki nadhani katumia msumeno wa chuma. Ule mfereji umezama hadi uzi ukiwa wazi unagonga freti ya kwanza: tzzzz. Nimeweka kipande cha karatasi ya sigara chini yake. Mimi hata sivuti, nimeomba kwa mlinzi.

Hela nililipa, kwa sababu alikataa kuachia gitaa, na nyuma yangu kuna mama na mtoto wanasubiri kununua filimbi ya shule.

Sasa nawaomba. Kuna mtu Dar, au hata Arusha, anauza uzi mmoja mmoja, 56 au 54, si seti? Madukani kote nilikopita ni 9 na 10, ukiuliza 56 wanakuonyesha nyuzi za besi. Na kuna fundi mwenye tupa za nati, zile nyembamba za saizi saizi, anayesoma karatasi ya mteja kabla ya kushika koleo? Niambieni na bei yake. Mazoezi ni Jumamosi, mpiga besi wetu ameshajifunza nyimbo zote nne kwenye C.

Wa "nunua la nyuzi saba" na wa "kwani E ina shida gani", nawaomba mpite kimya kimya.