DX KE70: niweke injini ya 5K, 4A-GE ya 20V au Beams? Walioifanya nyumbani, karibuni

Kei_ya_Thika
Wadau habari zenu. Niko na Corolla DX ya 1982, KE70, ilikuwa ya mzee, bodi iko safi na ndani bado ni vile ilitoka kampuni. Injini ni hiyo hiyo 4K ya 1290 cc, kabureta na platini, sasa imeanza kula oili, na ukipanda kutoka Mai Mahiu na watu wanne ndani unakwama nyuma ya trela mpaka juu, kuovateki hakuna. Nataka nguvu kiasi ila gari ibaki DX. Kazi nafanyia nyumbani, niko na cheni bloku, spana zote, na jirani ana mashine ya kuweldi. Nimebaki na tatu: 5K, 4A-GE ya valvu 20, au 3S-GE Beams ya Altezza. Nisaidieni kulinganisha, hasa kwa mtu hana gereji.

mzeewaspana
Mkuu kwa nyumbani chukua 5K, na nasema hivyo kwa moyo mmoja. Ni ya ukoo ule ule wa K, 1486 cc, inakaa kwenye mauntini zako na giaboksi yako ya K50 inaingia bila kuchonga kitu. Zipo kwenye LiteAce na TownAce, mjini hazikosi. Ukiitoa kwenye van chukua sampu (karai la oili chini ya injini), pampu ya kuvutia oili na manifoldi za 4K yako uhamishie, maana za van zimetengenezwa kukaa chini ya kiti. Kabla hujaishusha fungua kava ya valvu, ukiona matope meusi na kutu ya maji achana nayo hata kama muuzaji anashusha bei. Alafu weka kabureta ya Weber 32/36, ekzosti ya bomba kubwa kidogo, na toa platini uweke distributa ya elektroniki. Kama utabaki na tapeti za kawaida seti valvu injini ikiwa moto, inteki 0.20 mm na ekzosti 0.30, watu wengi wanaseti ikiwa baridi halafu wanalalamika gari haina nguvu. Haitakuwa roketi ila hiyo milima utaisahau.

Bondeni_20V
Salaam aleikum. Mzee wa spana kasema kweli kuhusu urahisi, lakini ndugu yangu ukishaisikia 4A-GE ikipanda mpaka 7,500 hutaki tena kusikia habari ya K. Hizi za valvu 20 ziko mbili: Silvertop ya Corolla AE101 kampuni inasema farasi 160, Blacktop ya AE111 165, na 4K yako ni 60 na kitu, kwa hiyo si mambo ya kufananisha. Tatizo ni kwamba hizo injini zilitoka kwenye gari za kuvuta mbele, zimekaa kwa upana. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distributa iko nyuma ya hedi, inagonga ukuta wa kabini kabisa, kidole hakipiti. Hapo ama uhamishe distributa, ama utoe kabisa uweke koili za kisasa na kompyuta ya kuprogramu, mi nakushauri hii ya pili. Mabomba ya maji nayo yanatoka upande wa nyuma, lazima yapangwe upya kwenda kwa redieta. Giaboksi tafuta T50 ya AE86 (Corolla ya kusukuma nyuma), hiyo ndo yenye belihauzi (kava la klachi) ya kukubali, na ndo kitu kigumu kupata kuliko injini yenyewe. Pia hizi zilitengenezewa petroli ya oktani ya juu ya Japani, Blacktop kompresheni yake ni 11 kwa 1, ukiweka mafuta ya kawaida sikiliza kama inagonga ukikanyaga.

Na usisahau mafuta, pampu ya kabureta haina presha ya injekta. Unahitaji pampu ya umeme, laini ya kurudisha mafuta kwenye tangi na hosi za presha, si zile hosi za kabureta. Hosi mbovu juu ya ekzosti ya moto ni gari kuungua, weka na mtungi wa kuzimia moto ndani.

KijanaWaGerezani
Aisee mi niko upande wa Beams. Lita 2, 210 farasi, na tayari imekaa kwa urefu na giaboksi ya gia 6, yaani ukinunua Altezza iliyogongwa nyuma unapata injini, giaboksi, wayaringi na kompyuta vyote vya gari moja, huokotezi. Pima tu sampu na krosimemba kabla hujakata chochote.

Mama_wa_Rali
Kijana, na baada ya hapo? Difu ya KE70 iliundwa kwa 4K, ukiipa 210 itapasuka, sasa utafute difu, propela, breki, redieta, na bodi ya 1982 ipigwe plati. Hiyo si kazi ya uani kwa cheni bloku, na gari ya mzee itakuwa imebaki jina.

Kei, anza chini kabla ya injini. Mbele una diski ndogo, nyuma ngoma, na stelingi ni ya boksi. Bahati yako AE86 na KE70 ni ndugu kwa sakafu, kwa hiyo strati, breki na hata krosimemba yenye stelingi ya raki ya AE86 zinakubali. Badilisha bushi zote, hosi za breki na shokapu, gari itakuwa nyingine hata na injini ile ile. Safari Rally ya 1979 Shekhar Mehta alishinda na Datsun 160J, Mercedes 450 SLC ya V8 lita 5 ikaja ya pili. Nguvu si kila kitu barabara za kwetu.

Bondeni_20V
Mama hapo sipingi. Hata mwenye 20V aanze na breki.

mzeewaspana
Na injini yoyote ile namba itabadilika, Kei nenda NTSA (mamlaka ya usafiri) logbook irekebishwe na bima waambie, siku ya ajali ndo wanaangalia namba ya injini.

Kei_ya_Thika
Asanteni sana wote. Naanza na breki, bushi na strati, alafu 5K na Weber, Beams nimeitoa. Mzee wa spana, klachi ya 4K itabeba 5K ama nichukue na ya van?

mzeewaspana
Weka diski na presha pleti mpya, na flaiwili ipeleke mashine shopu waichonge uso kabla hujafunga. Ikiwa na mistari ya bluu usiitumie.