"Unafanya kazi kama roboti", hii ni sifa au tusi?

Wadau naomba tuliongee hili maana limetugawa nyumbani tangu Jumapili. Mdogo wangu yuko shamba la maua huku Usa River, kitengo cha kufunga mashada, anasimama kutwa anapanga vichwa vya waridi viwe sawa, anakata miguu, anavuta rababendi, anasukuma pembeni anashika lingine. Juzi msimamizi kamwambia mbele ya wenzake "we dada unafanya kama roboti". Karudi anacheka, na shemeji anasema hapo kasifiwa, ni sawa na kuambiwa we mashine.

Mi nakataa kabisa. Ukiitwa mashine huku kwetu kweli umesifiwa, maana yake una nguvu, unaiweza kazi, na bado ni wewe. Roboti hana la kwake, anawashwa na kuzimwa. Na neno lenyewe ndo lilivyozaliwa, limeanzia Ucheki kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, R.U.R., kaka yake Josef ndo alimpa hilo neno, limetoka kwenye robota, yaani ile kazi ya lazima ambayo wakulima walikuwa wanamfanyia bwana mwenye ardhi. Kiswahili cha zamani kinaiita shokoa. Na wale roboti wa kwenye mchezo wala hawakuwa vyuma, walitengenezwa wakiwa na miili kama ya watu.

Shemeji anasema maneno yanabadilika, nani Arusha hii anaijua habari ya Ucheki. Sawa yanabadilika, lakini wazee wetu waliokwenda mashamba ya mkonge waliitwa manamba kwa sababu mtu alitambulika kwa namba, na mpaka leo nitajieni mtu anayefurahi kuitwa manamba.

Halafu kinachoniuma zaidi, huyu binti ua lenye ugonjwa analijua kabla hajaligeuza, analitoa kwenye shada mkono hata haujasimama, miaka minne hiyo ya kuchomwa miiba mpaka vidole vimekuwa vigumu. Huo ni ujuzi wa mtu, umekaa kwenye macho na vidole vyake, sasa unampaje jina la kitu kisichojua kinachofanya? Si ungesema tu dada una mkono mwepesi?

Nyie mkiambiwa hivyo kazini mnalipokeaje?